Jumamosi Walipoletwa Ndugu Wawili

Mume wangu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Karatu, na alikuwa mtu wa kupenda wageni. Mambo hayo mawili hayakukaa vizuri pamoja. Akikutana na mtu barabarani humwambia, "Njoo Jumamosi tule," halafu Jumamosi yenyewe, wageni wakishakaa, linasimama lori mlangoni na ndani yake kuna mtu aliyepasuliwa tumbo na nyati.

Nilipoolewa, mwaka 1959, sikulijua hilo. Nilitoka Mbulumbulu, kwenye nyumba ya wakulima, ambako mgeni alipewa kilichokuwa jikoni na hakuna aliyehangaika. Karatu niliona mimi ni mke wa dresa, kwa hiyo lazima nionyeshe. Nikawa napika chapati wageni wakiwa wameshakaa. Nakaanga kuku, nasonga ugali, jasho linanitiririka, moshi umenijaa machoni, na sebuleni nawasikia wanacheka na mume wangu bila mimi.

Siku moja nilikuwa na chapati ya tatu kwenye kikaango alipoletwa utingo wa lori, mguu umesagwa na gurudumu. Mume wangu akaniita nimshike yule mtu mabega. Nilimshika. Alinipiga kichwa cha kidevu hadi nikajiuma ulimi, na nilipofungua mdomo damu yangu ikamdondokea usoni. Niliporudi jikoni kikaango kilikuwa chekundu na nyumba nzima imejaa moshi. Wageni waliondoka na njaa.

Mara nyingine alikuwa mwanamke kutoka mashamba ya ngano, mume wake amempasua uso kwa jembe. Mara nyingine mfugaji wa upande wa Malambo, simba amemtafuna bega, ameletwa na Landrova ya watu wa mbuga akiwa amekaa wima, halii, anatazama ukuta tu huku mfupa wake unaonekana. Mume wangu aliwashona wote. Akimaliza ananawa hadi viwiko kwenye beseni, maji yanakuwa ya rangi ya chai, kisha anauliza, "Kimebaki chakula?" Mimi nilikuwa nalia, na chakula kimeungua.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, mke wa mwenye duka. Walikuwa Waislamu kutoka Kondoa, watu wazima kuliko sisi, na duka lao lilitazamana na zahanati. Mumewe alikuwa pia na lori la kuchukulia ngano. Nilimwita dada. Aliingia jikoni kwangu asubuhi moja baada ya karamu iliyoharibika, akaangalia sufuria nililokuwa nakwangua.

"Wewe mdogo wangu unapika watu wakiwa wameshakaa," akasema. "Ndiyo maana unalia. Pika mchana. Funika. Oga. Halafu kaa na watu."

"Na kikipoa?"

"Pika kisichopoa."

Akanifundisha. Makande nilikuwa nayajua tangu utoto, ila sikuwahi kufikiri ni chakula cha kumpa mgeni wa heshima. Yeye alisema ndicho hasa. Unaloweka mahindi yaliyokobolewa na maharage tangu Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi unabandika chungu kikubwa pamoja na mifupa ya ng'ombe, unapunguza kuni, unakwenda shughuli zako. Kikishaiva unatia kitunguu kilichokaangwa kwa samli na malai ya maziwa, unakiacha pembeni mwa moto, na hata kikikaa mpaka usiku kinazidi kuwa kitamu tu. Pilau yake ilikuwa vivyo hivyo. Nyama anaichemsha mapema, mchele unaingia saa kumi, kisha anafunika sufuria na kupalia makaa juu ya kifuniko. Hapo hakuna wa kuigusa. Pembeni maziwa mgando kwenye kibuyu, kabichi iliyokatwa na kukamuliwa limau, na ndizi za kumalizia. Sinia moja, vijiko ndani ya kikombe, birika la kunawia mlangoni. Nyama nilichukua kwa mchinjaji wao ili wote tuweze kula bila maswali.

Tangu hapo Jumamosi zetu zikawa Jumamosi. Majeruhi hawakupungua, ila niliweza kumshika mtu miguu akishonwa, nikanawa, nikarudi, na chungu kikawa kinanisubiri. Kuna wageni walikula huku mtu anapiga kelele chumba cha pili. Walizoea. Karatu ya miaka ile ilikuwa na visu vingi na wanyama wengi, na dresa alikuwa mmoja.

Jumamosi ninayotaka kuieleza ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wakati wa kulima. Tulikuwa wanne tu: sisi wawili na mwenye duka na mke wake. Dada alileta pilau yake na makaa yake juu ya kifuniko, nami nilikuwa na makande. Jua lilikuwa bado halijazama. Tulikuwa ndiyo kwanza tumenawa mikono tuliposikia trekta linakuja kwa kasi kutoka upande wa Mbulumbulu.

Trekta lilikuwa na tela, na kwenye tela wanaume wawili walikuwa wamelala kila mmoja upande wake. Katikati alikaa mama mmoja mzee, miguu ameinyoosha, mkono mmoja kwenye kifua cha huyu na mwingine kwenye kifua cha yule. Nilifikiri anawafariji. Nilipokaribia niliona anawasukuma wasifikiane.

Walikuwa wanawe, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa alikatwa panga kati ya shingo na bega, na jingine ubavuni. Mdogo alikatwa kiganja cha kulia, vidole vinne vikibaki kuning'inia kwa nyama ya juu. Mbao za tela zilikuwa na damu iliyochanganyika na udongo hadi ikawa tope.

Dereva wa trekta ndiye aliyetueleza. Baba yao alipofariki shamba liligawanywa, na mpaka ukapandwa minyaa. Alasiri ile kaka mkubwa alikodi trekta kulima upande wake. Dereva alipogeuza mwishoni mwa mstari alikata minyaa na kuingia kwa ndugu. Alisema yeye alionyeshwa apite hapo. Mdogo akaja mbio na panga. Mkubwa naye alikuwa na lake kiunoni, na alikuwa wa kwanza kupiga. Ndipo mkono ulipokwenda. Mdogo aliliokota panga lake kwa mkono wa kushoto.

"Nilizima trekta nikakimbia," dereva akasema. "Mama ndiye aliyewaachanisha. Aliingia katikati, mnaona?"

Tukaona. Mama naye alikuwa na jeraha kwenye mkono, refu, limeshaganda. Hakuna aliyeliuliza wala yeye hakulisema.

Chumba cha zahanati kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha dogo, kwa hiyo kazi kubwa za kushona mume wangu alizifanyia nyumbani, penye meza na karabai. Tuliondoa sinia. Dada akaweka sufuria la pilau chini, karibu na mlango wa jikoni, makaa bado yako juu. Mkubwa akalazwa mezani. Mdogo nilimkalisha kwenye mkeka upande wa jikoni, nikamfunga kiganja kwa kitenge changu, nikakaza kwa kamba mpaka damu ikapungua. Alikuwa anatazama mezani muda wote. Nilimwambia alale. Hakunisikia.

Mwenye duka alishika karabai juu ya meza. Dada na mimi tulishika miguu. Mama akashika kichwa cha mwanawe. Mume wangu alimwaga spiriti kwenye lile jeraha la shingoni, na yule mtu akainuka na meza, kweli kabisa, meza iliinuka miguu miwili na kuanguka tena. Alipiga ukelele ambao bado naujua. Kisha akaanza kutukana. Alimtukana ndugu yake kwa Kiiraqw, lugha yetu sisi sote watu wa huko juu, kwa hiyo nilielewa kila neno. Alisema atapona, na akipona atamkata hata mkono uliobaki.

Mama akamziba mdomo. "Nyamaza," akamwambia. "Nyamaza, unashonwa."

Akamng'ata mama yake kidole. Yule mama hakuuondoa mkono.

Nilisikia mkeka unakwaruza nyuma yangu. Nilipogeuka, mdogo alikuwa amesimama, na mkononi alikuwa na kisu changu cha kabichi. Alipita kama mimi sipo. Alinipiga kikumbo nikaangukia ukuta, na nilipokuwa ningali chini nilimwona ameinua kisu juu ya meza, juu ya mgongo wa mume wangu aliyekuwa ameinama na sindano.

Mwenye duka hakuwa na kitu mkononi ila karabai. Aliinyanyua juu kwa mkono mmoja ili isitudondokee na kutuchoma, na kwa mkono wa pili akakinga. Kisu kiliingia hapa, chini kidogo ya kiwiko, kikatokeza upande wa pili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ya Rabi," kama mtu aliyesahau kitu sokoni.

Mdogo akakichomoa kisu, akakiinua tena.

Dada alikuwa ameshafika kwenye sufuria. Alikishika kifuniko kwa kanga yake, na makaa yote yaliyokuwa juu yake akamtupia yule kijana kwenye miguu mitupu. Mengine yakamwingia ndani ya shuka aliyojifunga. Kijana akaruka, akapiga mayowe, akaanza kujipigapiga mapaja kwa mkono ule uliokatika, damu ikaruka ukutani. Dada akamfuata na kifuniko chenyewe. Alimpiga nacho kichwani, na cha pili, na alipoanguka alimpiga cha tatu akiwa chini. Kisu kikamtoka. Mimi nikakikalia. Sikuwaza jambo jingine. Nilikikalia kama kuku.

"Mwache," mume wangu akasema, sindano bado iko mkononi. "Dada, mwache, atakufa."

"Na afe!" dada akajibu. Lakini aliacha.

Tukamfunga kijana kwa kamba za lori, mikono kifuani na miguu pamoja. Alilia wakati huo, tena sana, akimwita mama yake kwa neno letu la utotoni, ayo, ayo. Mama alibaki amesimama kwenye kichwa cha yule wa mezani. Hakumgeukia.

Mume wangu alimaliza kushona shingo. Jeraha la ubavuni alilitazama kwa muda, akaliweka pamba, akalifunga, akaniita pembeni. "Hili limeingia ndani," akaninong'oneza. "Siliwezi mimi. Lazima Mbulu, hospitali." Alimfunga mwenye duka naye mkono, safari ile bila hata kunawa.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa na lori, na ndiye aliyekuwa na tundu mkononi. Alisema liondoke. Dereva wake akaitwa. Wale wawili wakapakiwa nyuma, juu ya magunia matupu, na mama akapanda akakaa katikati vilevile kama alivyokuja. Mume wangu akapanda naye. Kabla lori halijaondoka, dada alichota makande kwenye bakuli akampandishia yule mama.

"Kula, mama. Njia ni mbaya na ni ndefu."

Mama alilipokea bakuli, akaliweka mapajani, akasema asante. Sijui kama alikula.

Mkubwa alifia njiani, kwenye mlima, kabla hawajafika. Mume wangu alinieleza kuwa mama ndiye aliyejua kwanza. Aliondoa mkono wake kifuani mwa aliyekufa, akauweka mapajani, na ule mwingine akauacha palepale kwa mdogo. Mdogo aliuliza, "Amelala?"

Mimi na dada na mume wake tulibaki na chumba kile. Tulimwaga majivu sakafuni, tukasugua kwa mchanga, tukasugua meza kwa limau na chumvi. Mkono wa mwenye duka ulikuwa umevimba kama mguu. Tulipomaliza dada alipakua pilau, iliyokuwa imeshapoa kwa kukosa makaa yake, tukala, yeye akimlisha mume wake kwa kijiko. Nilishangaa kwamba nilikuwa na njaa. Nilikula sana.

Nilikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na dada pia. Kwa kuwa mkubwa alikuwa wa kwanza kupiga, kijana hakunyongwa. Alifungwa miaka kadhaa. Mkono wa mwenye duka ulipona, ila vidole viwili havikupata tena nguvu, na tangu siku hiyo magunia ya dukani yalibebwa na wengine. Jumamosi zetu tuliziacha kwa muda. Kisha dada mwenyewe akaja kuuliza, "Mbona hutuiti?" Tukaendelea.

Uhuru ukaja, Karatu ikapata maduka mapya, mume wangu akaongezewa msaidizi. Nilizaa watoto watatu. Siku moja, Jumamosi tena, saa za jioni, tumekaa kwenye viti nje ya nyumba na chungu kiko tayari ndani, akaja mtu mwembamba mwenye koti la jela lililokatwa vifungo. Alisimama mbali. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kama ukucha wa kuku. Alitaka dresa autazame.

Sote tulimjua. Mume wangu aliinuka akamtazama mkono, akaugeuza, akamwambia hakuna la kufanya, mishipa imekufa. Yule mtu akaitikia kwa kichwa. Alisimama tu. Harufu ya makande ilikuwa inatoka mlangoni.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Tangu jana, sijala."

Nilimtazama mwenye duka. Alikuwa ameuficha mkono wake ndani ya kanzu. Akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa," akasema.

Dada akainuka. "Mimi sili na huyu."

"Dada," nikasema.

"Nyumba ni yako, mdogo wangu, mlishe unayemtaka. Lakini mimi nimemwona mume wangu anatobolewa kama gunia. Sili naye." Akajifunga kanga, akavuka barabara kwenda kwake. Mume wake hakumfuata wala hakumlaumu.

Nilimpakulia. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, akamwomba mwenye duka radhi kwa hilo, na mwenye duka akasema haidhuru. Alikula mpaka jasho likamtoka. Ndipo akasema amerudi kwa mama yake Mbulumbulu, amepewa pa kulala. "Ila hasemi na mimi. Ananiwekea chakula juu ya kinu, anaondoka. Anakwenda kula kwa mjane wa kaka. Nikiingia yeye anatoka." Akanigeukia. "Wewe ni mtoto wa huko juu. Ukienda kuwatazama wazazi wako, mwambie aseme chochote. Hata anitukane."

Nilikwenda wakati wa kuvuna. Nilimkuta yule mama anapeta maharage uani. Shamba lote, pande zote mbili, alikuwa amempa mjane alime na watoto wake, na mahali pa minyaa palikuwa ngano tupu. Alinitambua. Alinipa maziwa. Nilimfikishia maneno ya mwanawe kama nilivyotumwa.

Aliendelea kupeta. Kovu la mkononi mwake lilikuwa limegeuka jeupe.

"Nampikia kila siku," akasema. "Nikimwona anakula namwona na mwenzake. Kumpikia naweza."

"Na kusema naye?"

"Nimekwambia ninachoweza."

Nilimaliza maziwa, nikamshukuru, nikamsaidia kupeta lililobaki. Jua lilipoanza kushuka aliingia ndani, akatoka na bakuli lililofunikwa, akaliweka juu ya kinu. Akachukua fimbo yake, akaniambia tutoke pamoja, maana mwanawe alikuwa karibu kurudi.